Tabibu na Mpelelezi katika Chumba Kimoja: Huduma za Afya kwa Wanawake wa Transjenda Walioko Gerezani, Ukitazamwa kutoka Lushoto

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kinachomzuia mwanamke wa transjenda aliyeko gerezani nchini Tanzania kupata matibabu. Hoja kuu ni kwamba kizuizi cha kwanza si uhaba wa dawa. Ni kuunganishwa kwa kazi mbili katika chumba kimoja cha daktari: kazi ya kutibu na kazi ya kutafuta ushahidi. Mgonjwa anayejua kwamba maelezo yake yanaweza kumfunga miaka 30 hatayatoa, na daktari asiyepewa maelezo hawezi kutibu. Makala yanatumia Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Kanuni ya Adhabu, Kanuni za Mandela za mwaka 2015 na mashauri matatu yaliyoamuliwa na mahakama za Kenya. Lushoto imeteuliwa kuwa mahali pa kutazamia suala hili kwa sababu ndipo mahakimu wa Tanzania wanapofundishwa kazi.

Utangulizi

Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, unajulikana zaidi kwa baridi yake, mboga zake na mandhari ya Irente. Kwa mtafiti wa sheria, unajulikana kwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Hakimu anayepitia hapa ndiye atakayetia saini hati ya kumpeleka mtu mahabusu, na hati hiyo ndiyo mlango ambao mtuhumiwa huingilia gerezani. Maandiko mengi kuhusu afya magerezani huanzia ndani ya ukuta, yaani msongamano, chakula, malazi na kifua kikuu. Makala haya yanaanzia hatua moja nyuma, kwenye karatasi.

Kwa madhumuni ya makala haya, mwanamke wa transjenda ni mtu ambaye alipozaliwa aliandikishwa kuwa wa kiume, lakini anajitambua na kuishi kama mwanamke. Mtu huyu asichanganywe na huntha, ambaye maumbile yake ya uzazi yenyewe hayaangukii wazi upande mmoja. Wala asichanganywe na mwanamume anayevutiwa na wanaume wenzake. Mchanganyo huu wa mwisho ndio wenye madhara makubwa zaidi mahakamani, kama itakavyoonekana.

Me, Ke na lugha ya mahakama

Wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kutofautisha jinsi, yaani hali ya kimaumbile, na jinsia, yaani nafasi na utambulisho wa mtu katika jamii. Fomu za serikali hazifuati tofauti hiyo. Zina kisanduku kimoja kilichoandikwa Jinsia, na majibu mawili: Me au Ke. Kisanduku hicho ndicho kinachoamua mahabusu atapandishwa karandinga pamoja na nani, atapekuliwa na nani, atalala bweni gani na ataoga mbele ya nani.

Inafaa kutua hapa kidogo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na ya sheria nchini Tanzania. Nayo ni lugha ambayo kiwakilishi cha nafsi ya tatu hakitaji jinsi: yeye ni yeye, na alisema ni alisema. Hakimu anaweza kuandika mwenendo mzima wa shauri, kuanzia hati ya mashtaka hadi hukumu, bila kulazimika kuamua kama mtu aliye mbele yake ni mwanamume au mwanamke. Kishambaa, kama lugha nyingine za Kibantu, nacho ni hivyohivyo. Ugumu kwa hiyo hautoki katika sarufi yetu. Umeingia kwa njia ya fomu.

Kanuni ya 7 ya Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, inataka jalada la mfungwa liwe na taarifa za kumtambulisha zinazoheshimu jinsia anayojitambua nayo. Kanuni hiyo haisemi mfungwa apewe gereza analolitaka. Inachodai ni kwamba jalada liseme ukweli kumhusu. Kwa afya, jambo hilo si dogo, kwa kuwa jalada ndilo kitu cha kwanza ambacho mganga wa gereza hukisoma.

Mgonjwa asiye na ndugu

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu aliyekulia Mtae, ukingoni mwa Usambara Magharibi, akakamatwa na kufikishwa mahakamani Lushoto, na hatimaye akahamishiwa Gereza Kuu la Maweni, Tanga. Ndugu yake anayetaka kumwona ataondoka Mtae kabla ya alfajiri, ateremke kupitia Lushoto, Soni na Mombo, kisha afuate barabara kuu ya Korogwe, Segera na Muheza. Siku nzima imekwisha, na nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ambayo kaya nyingi za wakulima wa milimani hazina ya ziada.

Umbali huu una uzito wa pekee katika Usambara. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Washambaa, alionyesha kwamba uamuzi kuhusu matibabu haukuwa wa mgonjwa peke yake. Ndugu na jirani walikaa pamoja, wakapima ugonjwa, wakaamua apelekwe kwa mganga au hospitalini, wakachanga gharama na wakabadili uamuzi pale dawa iliposhindwa. John Janzen alikuwa amelieleza jambo kama hilo huko Kongo. Mtu anayelifahamu eneo hili anajua kwamba desturi hiyo haijafa: mgonjwa akilazwa leo, watu wa nyumbani ndio wanaomletea uji, kumfulia, kumnunulia dawa zisizopatikana na kumuuliza daktari maswali.

Gereza humwondoa mfungwa yeyote katika mkono huo wa jamaa, na dola ndiyo inayopaswa kushika nafasi yao. Kwa mwanamke wa transjenda hasara mara nyingi ni mbili, kwa kuwa huenda alikwisha kutengwa na ukoo kabla hata ya kukamatwa. Hana wa kumpelekea dawa, hana wa kuuliza kwa nini hajapewa rufaa, na hana wa kupiga kelele mlangoni. Anabaki na mganga wa gereza tu, na kila kitu kinategemea kama anaweza kusema naye.

Anachohitaji kutibiwa

Mahitaji yenyewe si ya ajabu. Mengi ni yaleyale ya kila mfungwa: malaria, kifua kikuu, vidonda vya tumbo, meno. Shirika la UNAIDS huwataja watu wa transjenda na wafungwa kuwa miongoni mwa makundi makuu matano yaliyo katika hatari zaidi ya VVU, kwa hiyo mtu huyu yumo katika makundi mawili kwa wakati mmoja. Kama anatumia dawa za kufubaza virusi, kukatika kwa dozi wakati wa kuhamishwa kutoka mahabusu ya polisi hadi gerezani ni hatari inayojulikana kwa kila mhudumu wa kliniki.

Baadhi yao hutumia homoni, na pasipo na kliniki inayowapokea huzipata bila cheti cha daktari, mara nyingi kwa kumeza vidonge vya uzazi wa mpango kwa wingi. Homoni ya ethinilestradioli iliyomo katika vidonge vingi vya aina hiyo huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa, hasa kwa mvutaji wa sigara. Mganga asiyeelezwa jambo hili anaweza kuona mguu uliovimba asiufikirie kuwa dalili ya donge la damu. Na aliyekwisha kuondolewa korodani kwa upasuaji, akikatishiwa homoni zote kwa muda mrefu, mifupa yake hudhoofika.

Kuhusu akili, Shirika la Afya Duniani katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lililoidhinishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliitoa hali ya transjenda katika orodha ya maradhi ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kujamiiana. Usambara ni mahali pazuri pa kukumbushana hili, maana Lutindi, katika milima hiyohiyo, ni miongoni mwa hospitali kongwe za magonjwa ya akili Afrika Mashariki. Kumpeleka mtu kupimwa akili kwa sababu tu anajiita mwanamke hakuna tena msingi katika uainishaji huo. Kumtibu sonona au kumzuia asijidhuru ni jambo jingine, na hilo ni haki yake.

Lipo hitaji moja ambalo ni lazima lielezwe kwa urefu, kwa kuwa humo ndimo sheria na tiba zinapogongana.

Saa 72

Mtu anapobakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza haraka, na kwa vyovyote ndani ya saa 72, kisha zimezwe kwa siku 28. Ili zitolewe, mgonjwa lazima aseme kilichompata.

Sasa tutazame sheria. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaeleza ubakaji kuwa ni kosa analotendewa mwanamke au msichana. Mtu aliyeandikwa Me katika jalada haingii humo. Tendo alilotendewa linaangukia Kifungu cha 154, kinachohusu makosa yanayoitwa kinyume cha maumbile, ambacho adhabu yake ni kifungo cha maisha na si chini ya miaka 30. Kifungu hicho hakimhukumu mtenda peke yake. Kinamhukumu pia mwanamume aliyeruhusu kutendewa. Kwa maneno mengine, mlalamikaji na mshtakiwa wanasimama juu ya kifungu kimoja, na kinachowatenganisha ni swali la ridhaa. Mwanamke wa transjenda aliyelazwa katika bweni la wanaume anajua jinsi swali hilo litakavyojibiwa: mavazi yake, sauti yake na jina analojiita vitasomwa kuwa ndiyo ridhaa yenyewe.

Ikumbukwe kwamba Kifungu cha 154 kinahukumu tendo, hakihukumu hali. Hakuna kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachosema kuwa kujitambua kama mwanamke ni kosa. Lakini katika utendaji hali huchukuliwa kuwa ushahidi wa tendo, na daktari huitwa kuuthibitisha. Taarifa ya shirika la Human Rights Watch ya Februari 2020 ilirekodi watu nchini Tanzania waliolazimishwa kupimwa njia ya haja kubwa wakiwa mikononi mwa polisi. Oktoba 2017 Chama cha Madaktari Duniani kilikuwa kimewataka madaktari wasishiriki vipimo hivyo, ambavyo havina thamani yoyote ya kisayansi katika kuthibitisha ngono ya hiari.

Mtanzania wa kawaida anaifahamu PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitalini. Fomu hiyo ina manufaa yake, lakini imetuzoesha kuona karatasi ya daktari ikirudi kituoni. Mfungwa naye anaona hivyo. Daktari wa gereza anavaa sare ya jeshi lilelile linaloshika funguo. Kwa nini amwambie kwamba usiku wa juzi aliingiliwa kwa nguvu, ilhali sentensi hiyo moja inaweza kuwa dawa au kuwa miaka 30? Ananyamaza. Saa 72 zinapita, na takwimu za zahanati hazitaonyesha kwamba mtu huyu alinyimwa dawa, kwa kuwa hakuomba.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo tafiti nyingi za upatikanaji wa huduma zinapokosea. Zinahesabu dawa zilizopo na wagonjwa waliofika. Mgonjwa aliyeogopa kufika hayumo katika hesabu ya pande zote mbili.

Kanuni za Mandela zililiona tatizo hili. Kanuni ya 24 inataka wafungwa wapate kiwango kilekile cha huduma kinachopatikana uraiani, bila malipo na bila ubaguzi. Kanuni ya 31 inataka uchunguzi wote wa kitabibu ufanyike kwa usiri kamili. Kanuni ya 32 inailinda siri ya mgonjwa, isipokuwa pale ambapo kuitunza kungeleta hatari ya kweli na ya karibu kwa yeye au kwa wengine. Kanuni ya 46 inamkataza mhudumu wa afya kuwa na sehemu katika kutoa adhabu za nidhamu. Zikisomwa pamoja, zinasema jambo moja: tabibu asiwe mkono wa mpelelezi.

Mashauri matatu kutoka Kenya

Ng'ambo ya Horohoro, mahakama zimelazimika kulijibu swali hili, na majibu yao yana thamani ya kushawishi kwa mahakama zetu kwa kuwa kanuni za adhabu za nchi hizi mbili zina asili moja ya kikoloni. Ya Tanganyika ilianza kutumika mwaka 1930.

Shauri la kwanza ni la RM, huntha aliyehukumiwa kifo kwa ujambazi wa kutumia nguvu na kuwekwa Kamiti pamoja na wanaume. Tarehe 2 Desemba 2010 Mahakama Kuu ilikataa kuunda kundi la tatu la jinsia. Lakini iliamua kwamba upekuzi wa kumvua nguo uliomfanya kichekesho mbele ya wengine ulikuwa udhalilishaji, ikampa fidia ya shilingi 500,000 za Kenya. Miaka minne baadaye Kenya ilitunga sheria ya watu walionyimwa uhuru, ya mwaka 2014, iliyompa huntha haki ya kuchagua jinsi ya mtu atakayempekua. RM hakuwa transjenda, na sheria hiyo haimtaji transjenda. Umuhimu wa shauri hili ni kwamba mfungwa aliyehukumiwa kifo hakupoteza utu wake mlangoni.

La pili lilianzia Ukunda, Kwale. Wanaume wawili walikamatwa Februari 2015 na kupimwa kwa nguvu katika hospitali mjini Mombasa kwa amri ya mahakama. Mahakama Kuu iliona hapakuwa na kosa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliutengua uamuzi huo na kutamka kwamba vipimo hivyo vilivunja haki zao. Hapo tabibu na mpelelezi walitenganishwa kwa amri ya mahakama.

La tatu ndilo la karibu zaidi na mada yetu. SC, mwanamke wa transjenda, alikamatwa Eldoret mwaka 2019 na kuwekwa mahabusu katika gereza la wanawake. Kilichofuata ni upekuzi wa kumvua nguo, kisha vipimo vya sehemu za siri, damu, homoni na picha za ndani ya mwili, bila ridhaa yake, ili ijulikane yeye ni nani. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi 1,000,000 za Kenya na kuitaka serikali ipeleke bungeni sheria ya kuwalinda watu wa transjenda. Katika shauri hili hospitali haikumtibu mtu ugonjwa wowote. Ilitumika kama kituo cha kujaza kisanduku cha Me au Ke.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni hili: Kenya haijafuta kifungu chake cha makosa kinyume cha maumbile. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta. Shauri la SC liliamuliwa kifungu hicho kikiwa bado hai, kwa hiyo haki ya mahabusu ya kutodhalilishwa na daktari haikungoja mabadiliko ya sheria ya jinai. Anayedai kwamba Tanzania haiwezi kugusa suala hili mpaka Kifungu cha 154 kijadiliwe anaanzia mahali pasipo lazima.

Ibara ya 13 na pingamizi la Ibara ya 30

Katiba ya Tanzania inayo maneno ya kutosha. Ibara ya 13(6)(d) inaagiza heshima ya mtu itunzwe katika upelelezi, katika uendeshaji wa mambo ya jinai, na wakati wowote mtu anapokuwa chini ya ulinzi bila uhuru. Ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mateso na adhabu za kutweza na kudhalilisha.

Pingamizi litatoka Ibara ya 30, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya maslahi ya umma. Mtahini atakumbuka shauri la Mbushuu. Jaji Mwalusanya alitamka mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaiokoa kwa Ibara ya 30(2). Je, maadili ya umma hayawezi kuokoa pia vizuizi vya matibabu? Hayawezi, kwa sababu moja rahisi. Katika Mbushuu kilichookolewa ni adhabu iliyoandikwa katika sheria. Hakuna sheria ya Tanzania inayoandika kunyimwa tiba kuwa adhabu ya kosa lolote, liwe la kuua au la Kifungu cha 154. Ibara ya 30 haiwezi kuokoa kitu ambacho Bunge halijakitunga.

Upo pia utatuzi wa haraka ambao wakuu wa magereza huuona kuwa huruma: kumtenga mtu peke yake ili asidhuriwe. Kanuni ya 44 inakiita kifungo cha upweke kinachozidi siku 15 mfululizo kuwa cha muda mrefu, nacho kimepigwa marufuku. Aliyefungiwa chumba cha peke yake humwona mganga pale tu askari anapokumbuka kumfungulia. Upande mwingine, kumwacha bwenini huku hatari ikijulikana hakumwondolei mkuu wa gereza wajibu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1994 katika shauri la Dee Farmer, mwanamke wa transjenda aliyewekwa katika gereza la wanaume, ilipoamua kwamba ofisa anayeijua hatari kubwa na kuipuuza anawajibika.

Karatasi ya hakimu

Turudi Lushoto. Hakimu hana mamlaka ya kupanga mabweni, wala haendeshi zahanati ya gereza. Lakini mshtakiwa anaposimama mbele yake mara ya kwanza, anaweza kumuuliza, kama anavyoweza kumuuliza mtu yeyote, kama yupo katika matibabu na kama ana hofu yoyote ya usalama wake huko aendako. Jibu linaweza kuchukuliwa faragha, mbali na umati wa mahakama ya wazi. Katika hati ya mahabusu anaweza kuandika kwamba mshtakiwa aonwe na mganga ndani ya siku fulani, dawa zake zisikatishwe, apekuliwe faragha, na asipimwe maumbile bila ridhaa yake. Amri hiyo haihitaji kutaja neno transjenda wala kumfichua mtu kwa askari anayeisoma. Inaweza kutolewa kwa mwenye kisukari, kwa mjamzito na kwa mzee kwa maneno yaleyale.

Kisha upo ukaguzi. Majaji na mahakimu hutembelea magereza, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa sheria yake ya mwaka 2001, ina mamlaka ya kufanya hivyo pia. Mkaguzi anayeuliza idadi ya dawa zilizopo atapewa leja. Akiuliza ni wafungwa wangapi walipewa dawa za kuzuia maambukizi ndani ya saa 72 katika mwaka uliopita, na jibu likawa hakuna, katika gereza lenye mamia ya watu, ana swali la pili la kuuliza, naye aliulize akiwa na mganga peke yake, mlango umefungwa.